Kupaka rangi kalipa za breki nyumbani: maelezo kwa wenye magari wa Lubumbashi

Kalipa ya breki, ambayo mafundi wetu wa Lubumbashi huiita etriye, ni kile kipande kizito kinachoikumbatia diski na kuzibana pedi, yaani plaketi, kila mara dereva anapokanyaga breki. Katika magari mengi madogo yanayotufikia kutoka Japani kwa bandari ya Dar es Salaam na kuvuka mpaka wa Kasumbalesa, kipande hicho ni cha chuma cha kusubu chenye kinga hafifu dhidi ya kutu. Barabara za kaskazini mwa Japani humwagiwa chumvi majira ya theluji, kwa hiyo gari linaweza kufika hapa likiwa na bodi inayong'aa, ilhali kalipa zake zimekwisha kuvaa kutu inayoonekana waziwazi kupitia matundu ya rimu.

Kuzipaka rangi hakuongezi hata chembe ya nguvu ya breki, na muuza rangi akidai vinginevyo asisadikiwe. Faida yake ni kuzuia kutu isiendelee kula, kurahisisha uoshaji, na kulifanya gari lionekane kuwa linatunzwa, jambo ambalo mimi nalithamini sana. Mwenye subira anaweza kuikamilisha kazi hii uani kwake kwa siku moja, na siku ya pili akaiacha rangi ikauke; ila akubali tangu mwanzo kwamba saa nyingi zitakwenda katika kusafisha na kufunika, na kwamba kupaka kwenyewe ni kazi ya dakika chache.

Majira yanayofaa ni kiangazi chetu, kuanzia Mei hadi Septemba, wakati ambapo mvua haitishi. Hata hivyo asubuhi za Juni na Julai zina baridi kali, na rangi nyingi za aina hii hazishiki vizuri chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Chuma kilicholala nje huchelewa kupata joto kuliko hewa, kwa hiyo safisha asubuhi na upake kuanzia saa tano, jua likiwa limepanda. Adui mwingine ni vumbi jekundu. Chagua uwa wenye sakafu ya saruji, umwagie maji pande zote kabla ya kufungua kopo, na uhakikishe kwamba hakuna mbabula yenye makala ya moto karibu, kwa kuwa mvuke wa rangi na wa thina hushika moto kwa urahisi mno.

Kuhusu rangi yenyewe, rangi ya kawaida ya nyumba au ya bodi haifai, kwa sababu itababuka kwa joto. Tafuta rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya kalipa au injini, inayostahimili takriban nyuzi 260. Wengine huvutiwa na rangi ya bomba la moshi, inayohimili zaidi ya nyuzi 600, wakidhani kwamba namba kubwa ndiyo bora. Lakini rangi hiyo hukomaa baada tu ya kuokwa kwa joto kali, na kalipa ya gari linalozunguka mjini haifikii joto hilo, kwa hiyo hubaki laini na kuchubuka. Ukiweza kupata rangi ya kuchanganya na kigumishi, inayopakwa kwa brashi, nunua hiyo. Huhitaji kufunika nusu ya gari kama unavyolazimika kwa rangi ya kupuliza, na ikikauka huwa ngumu kweli. Ujue tu kwamba ikishachanganywa haisubiri, kwa hiyo changanya baada ya kalipa zote kuwa tayari.

Legeza nati za gurudumu kidogo gari likiwa bado chini. Kinga magurudumu yatakayobaki ardhini kwa vipande vya mbao mbele na nyuma, inua kwa jeki, kisha ulishushe gari juu ya stendi za chuma. Usitumie matofali, hata yale ya kuchoma yanayoonekana imara, kwa kuwa tofali hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Kumbuka pia kwamba breki ya mkono katika magari mengi hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Unapoinua nyuma, haikulindi. Magari madogo mengi yana diski mbele na ngoma nyuma, na kwa hayo kazi yako ni ya kalipa mbili tu.

Kwa anayeanza, nashauri kalipa iachwe mahali pake bila kufungua bomba la mafuta ya breki. Ukilifungua, hewa itaingia, na hapo utakuwa umejitwika kazi nyingine kabisa. Zungusha usukani hadi mwisho na kalipa ya mbele itakugeukia, mgongo wake wote ukiwa wazi.

Sasa tufike kwenye usafishaji, ambao ndio kazi yenyewe. Usipulize vumbi la breki kwa kompresa wala kwa mdomo, kwani pedi za zamani zilikuwa na asbesto, na hata vumbi la pedi za leo halifai kuvutwa puani. Vaa barakoa, lilowanishe kwa maji ya sabuni, kisha usugue. Baada ya hapo chukua brashi ya waya na uondoe kutu yote iliyolegea. Mashine ya kutoboa yenye brashi ya duara husaidia penye nafasi, lakini haifiki kwenye pembe na inaweza kuchana mpira kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo humo tumia mswaki wa zamani. Si lazima chuma king'ae chote. Kinachotakiwa ni kusibaki kitu kinachobanduka kwa ukucha. Pitisha msasa wa namba 120, kisha upulize dawa ya kusafishia breki mpaka inayodondoka iwe safi. Petroli, ambayo wengi wetu huikimbilia kwa kuwa ipo karibu, huacha utando wa mafuta usioonekana, mbali na hatari yake ya moto. Kipimo changu ni kitambaa cheupe: nakipitisha upande wa nyuma, pale mkono usipopenda kufika, na kikitoka na weusi narudia. Mara nyingi hurudia mara tatu.

Kisha funika kwa utepe wa karatasi wa wapaka rangi na plastiki. Rangi haitakiwi kugusa pedi, uso wa diski unaosuguliwa, pistoni na mpira wake wa vumbi, pini za kutelezea na mipira yake, skrubu ya kutolea hewa, bomba la mpira la breki, waya wa kihisio cha ABS (mfumo unaozuia gurudumu kukwama unapokanyaga breki kwa nguvu), wala uso ambao rimu huukalia. Sehemu inayosahaulika zaidi ni vijia ambamo masikio ya pedi huteleza ndani ya kishikio cha kalipa, nami nina sababu ya kuisisitiza. Gari langu la kwanza nililikabidhi kwa fundi mmoja ambaye alipuliza rangi juu ya kila kitu bila kufunika. Kalipa zilipendeza. Wiki mbili baadaye, nikiwa njiani kwenda Likasi, safari ya kilomita zipatazo 120, nilisikia harufu ya kuungua, na niliposimama sikuweza kuukaribisha mkono kwenye rimu ya mbele kulia. Tulipofungua tuliona rangi imekauka kwenye vijia hivyo, nene kama ukoko wa bukari sufuriani, na pedi ya ndani imenasa hapo, haiwezi kurudi nyuma. Ilikuwa imelika hadi karibu na bamba lake la chuma, huku mwenzake wa nje akiwa bado mnene. Diski ilibadilika kuwa ya buluu. Tangu siku hiyo vijia hivyo huvifunika kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Tabaka la kwanza liwe jembamba kiasi cha chuma kuonekana kupitia rangi. Anza na pembe za ndani, malizia na uso wa nje unaoonekana. Kama unapuliza, shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 25 na mkono usisimame. Kijana wa jirani aliyenisaidia Julai iliyopita aliniuliza, "Papa, tusipake mara moja tu, nzito, tumalize?" Nilimwonyesha chini ya kalipa, mahali ambapo yeye alikuwa amezidisha kidogo: tone lilikuwa limejikusanya kama asali, juu limefanya ngozi, na alipoligusa kwa njiti ndani likatoka bichi. Tone la namna hiyo hubaki laini kwa siku nyingi, kisha hubanduka pamoja na majirani zake. Matabaka mawili au matatu membamba yanatosha, na muda wa kusubiri kati yake ufuate maandishi ya kwenye kopo, maana rangi nyingine hujikunja ukichelewa kama vile ukiharakisha. Utepe uvutwe polepole tabaka la mwisho likiwa bado linanata, la sivyo utaondoka na ukingo wa rangi.

Uchaguzi wa rangi ni hiari ya kila mtu. Njano hupendeza siku ya kwanza na kuonyesha kila chembe ya uchafu siku ya pili. Nyekundu huvumilia vumbi la Katanga kuliko zote, na kijivu kilichokolea ndicho nilichokichagua kwa gari la familia.

Acha ikae saa 24 kabla ya kuendesha. Futa diski kwa dawa ya kusafishia breki, zungusha kwa mkono uone kwamba hakuna kilichonasa, kisha urudishe gurudumu na ukaze nati kwa mtindo wa nyota, si kwa kufuata duara. Katika magari mengi madogo ya Toyota kipimo cha kukazia nati hizo ni Nm 103 (nyutonimita), na asiye na spana ya kupimia asipande juu ya spana kwa uzito wake wote, maana ndivyo skrubu zinazoshika nati hukatika. Kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kuondoka, ingawa hukufungua kitu. Zunguka mtaani polepole. Harufu ndogo ya rangi mwanzoni ni ya kawaida, lakini moshi au joto la gurudumu moja pekee ni sababu ya kusimama na kufungua tena. Baada ya kilomita kama 100 kagua ukazaji wa nati, na kwa wiki ya kwanza usielekeze maji ya mashine ya shinikizo kwenye magurudumu. Mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 yakikumwagikia hapo siku yoyote, yaoshe papo hapo kwa maji mengi, kwa kuwa huyeyusha rangi nyingi.