Ukipika adobo, siki iache ichemke kwanza

Adobo ya Wafilipino haina mambo mengi: kuku au nguruwe, siki, sosi ya soya, vitunguu saumu kwa wingi, pilipili manga nzima na majani makavu ya kunukia kama yale ya biriani. Kwa kilo moja ya kuku mimi hutia nusu kikombe cha siki, sosi ya soya kiasi hichohicho, na punje nane za saumu. Loweka nusu saa, au ulaze usiku kucha kwenye friji. Tumia bakuli la kioo, maana siki na sufuria ya alumini haviivani.

Ukishabandika jikoni, usikoroge wala usifunike mpaka ichemke dakika kadhaa, ule ukali wa siki upande na mvuke. Wapishi wengi wa kule wanalishikilia sana hili. Kisha punguza moto, funika, nyama iive taratibu. Mwishoni itoe, ikaange kidogo iwe ya kahawia, mchuzi nao uendelee kukauka hadi uwe mzito. Chumvi? Onja kwanza, soya ina chumvi ya kutosha. Wali mweupe tu pembeni, na kesho yake inakuwa tamu zaidi.