Moyo ukivuta huku na akili kule

Nauza dagaa Kibirizi, Kigoma. Juzi mama mmoja alinizidishia elfu kumi. Noti ilijikunja ndani ya nyingine, mbichi kwa jasho.

Kwanza sikiliza tumbo. Langu lilijikaza kabla sijawaza lolote. Hume, yule mwanafalsafa Mskoti, angecheka: kwake maadili huanzia kwenye hisia, akili ni mtumwa wa hisia tu. Kisha jiulize kama Kant, mwanafalsafa Mjerumani, alivyofundisha mwaka 1785: ningetaka kila muuzaji abaki na pesa iliyozidi? Ukiwa na njaa, anza na Kant. Njaa ni wakili hodari mno, naijua. Ukishaamua, usikae. Mama nilimkuta kituo cha daladala, anahesabu upya, midomo ikimchezacheza.

“Mwanangu, nilidhani nimezeeka.”