Kereng'ende wembamba wa Dunga: anza na ncha ya mkia

Picha nyingi za kereng'ende wembamba zinazopigwa Dunga, kinamasi cha mafunjo kando ya Ziwa Victoria karibu na Kisumu, zinapendeza, ila ukiulizwa ni aina gani huna jibu. Mpigaji alikazania macho na mabawa, kumbe jina liko nyuma, kwenye ncha ya tumbo (hilo tunaloliita mkia).

1. Hakikisha ni mwembamba. Wengi wao hukunja mabawa juu ya mgongo wakitua. Lestes, jenasi (kundi la aina za karibu) mojawapo ya hao wembamba, huyaacha nusu wazi, kwa hiyo amini macho zaidi: yameachana kwa nafasi inayozidi upana wa jicho lenyewe.

2. Fika asubuhi, kukiwa kumepambazuka kabisa lakini kabla ya saa tatu. Wadudu bado wana baridi, hawaruki ovyo. Pale Dunga mafunjo yana viboko, basi ongozana na mvuvi anayezijua njia zao.

3. Seti kamera: lenzi ya makro ya milimita 90 hadi 105, tundu la lenzi f/8 hadi f/11, shata 1/250 au kasi zaidi. Flashi ifunike kwa karatasi nyeupe, la sivyo mwili unang'aa na rangi inapotea. Simu yenye lenzi ya kubandika inafaa pia, ila utalazimika kumkaribia hadi zibaki sentimita chache tu.

4. Jiweke sambamba na mwili wake. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukiwa karibu hivyo, hata kwa f/8 sehemu inayotoka kali ni milimita chache, na mdudu ana urefu wa sentimita tatu hivi. Ukimpiga kimshazari, kichwa kitaonekana na mkia utakuwa ukungu. Fokasi ya otomatiki nayo hupenda kurukia mafunjo ya nyuma. Chagua nukta moja, iweke kifuani. Ikikataa, zima otomatiki, kisha yumba polepole mbele na nyuma ukipiga mfululizo.

5. Piga moja ukiwa mbali, asije akaruka ukabaki mikono mitupu. Kisha ubavu, mgongo, na ncha ya mkia kutoka juu na kutoka upande. Akiruka, usimfukuze. Tulia hapo hapo. Mara nyingi hurudi kwenye unyasi ule ule.

6. Hesabu pingili za tumbo, kama za muwa. Ziko 10, na ya 10 ndiyo ya mwisho nchani; anzia nyuma kwa hiyo 10, ni rahisi. Dume mwenye mgongo mweusi na pingili ya 8 ya buluu, huenda ni Ischnura senegalensis. Dume mwenye tumbo la rangi ya chungwa lisilo na weusi wowote mgongoni, fikiria Ceriagrion glabrum. Mtego upo: jike mchanga wa Ischnura naye ana rangi ya chungwa, ila mgongo wake una mstari mweusi. Ndiyo maana ya ile picha ya mgongo.

Jenasi ya Pseudagrion ni kazi nyingine. Madume hufanana mno, na kinachowatenganisha ni umbo la koleo zilizo nchani mwa mkia (dume humshikia jike), pamoja na madoa nyuma ya macho. Kama koleo hazikutoka vizuri, andika Pseudagrion tu, usibahatishe jina la pili, yaani la aina.