Bima ya afya ya lazima Ujerumani: mambo ya kufahamu mapema

Anayehamia Ujerumani kwa kazi au masomo hukutana na bima ya afya mapema kuliko anavyotarajia, kwa kuwa mwajiri humwuliza jina la Krankenkasse yake, yaani mfuko wake wa bima, kabla ya mshahara wa kwanza, na chuo kikuu hakimsajili mwanafunzi bila uthibitisho wa bima. Utaratibu huu ulianza kwa sheria ya mwaka 1883, enzi za kansela Bismarck, na leo takriban watu tisa katika kila kumi nchini humo wamo katika mifuko hiyo ya umma.

Mfuko wa umma hauulizi unaumwa nini, bali unapata kiasi gani. Asilimia 14.6 ya mshahara kabla ya makato, hadi kikomo kilichowekwa, huingia katika bima, nusu ikitoka kwako na nusu kwa mwajiri, na kila mfuko huongeza mchango wake wa ziada unaogawanywa vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo mwenye kisukari halipi zaidi ya mwenzake wa mshahara ule ule, wala hawezi kukataliwa. Bima ya uangalizi wa wazee na wasiojiweza hukatwa kando, na asiye na mtoto huilipia zaidi kidogo akishapita umri wa miaka 23. Wageni wengi, wakiona tofauti hiyo, hudhani mhasibu amekosea.

Mwenzi asiye na kipato, au mwenye kipato kidogo sana, huingia katika bima yako bila malipo pamoja na watoto, mradi wanaishi Ujerumani na umewaandikisha. Wazazi hawamo. Mama akija kukutembelea anahitaji bima ya safari, kwa kuwa kadi yako haitamsaidia hospitalini.

Ukilazwa unachangia euro 10 kwa siku, kwa siku zisizozidi 28 katika mwaka, na kwa dawa ya cheti cha daktari unalipa kati ya euro 5 na 10. Ukiugua muda mrefu, mwajiri huendelea kukulipa mshahara kwa wiki sita, kisha mfuko huchukua nafasi yake kwa kiasi pungufu.

Bima ya binafsi, inayoruhusiwa kwa waliojiajiri na wenye mishahara mikubwa, huonekana rahisi kwa kijana mwenye afya. Hata hivyo kila mwanafamilia hulipiwa peke yake, ada hupanda kadiri miaka inavyosonga, na baada ya umri wa miaka 55 mlango wa kurudi katika mfuko wa umma huwa karibu umefungwa. Binafsi singemshauri mwenye mpango wa kuleta familia.

Hatari kubwa zaidi ni kukaa kimya. Kazi ikiisha, wajibu wa bima hauishi nayo. Mfuko hukuandikia barua ukitaka kujua kipato chako, na usipojibu unaweza kukutoza mchango wa kiwango cha juu kabisa, deni likihesabiwa tangu siku bima ya awali ilipokoma. Vivyo hivyo anayerejea Mombasa au Mwanza bila kuaga: ajiondoe katika daftari la wakazi, apeleke nakala ya cheti cha kujiondoa kwa mfuko, na asubiri jibu la maandishi kabla ya kufunga akaunti ya benki.