Jinsi ya kuandika thrila ya tivii ya mzazi na shosti hatari, stori ikiwa hapahapa Mwanza

Zile filamu za tivii za Marekani, kama zile za chaneli ya Lifetime, dada kajifungua juzi tu halafu anatokea rafiki mwema kupita kiasi, watu wanaziponda eti zote zinafanana, na kweli zinafanana, ila wanaziangalia mpaka mwisho. Ukijua zinavyosukwa unaandika ya kwako hapahapa Rock City bila bunduki wala helikopta.

Kwanza kabisa usianze na ubaya wa shosti, anza na msaada wake. Mzazi wa Mwanza anataka nini wiki ya kwanza? Maji ya moto ya kukandwa, uji wenye pilipili manga, supu ya sato, mtu wa kufua nepi, mtu wa kumshika mtoto na yeye apate hata lisaa limoja la kulala. Basi mpe shosti hizo kazi zote na azifanye vizuri kweli, mpaka mtazamaji mwenyewe aseme jamani mi nampata wapi rafiki kama huyu. Ukimpa jicho la husda na muziki wa kutisha dakika ya tano stori imekufa. Na tafadhali uchawi uache, akishatoa hirizi tu mtu anajua kila kitu.

Hapo mtazamaji wetu atauliza, ndugu wako wapi? Maana huku mzazi haachwi peke yake, kwa hiyo lifunge hili swali mapema. Sheria ya kazi inampa mama likizo siku 84, baba siku 3 tu, sasa mpeleke baba kiwanda cha samaki shifti ya usiku, nyumba imebaki na mwanamke mmoja. Mama yake mzazi mweke Mbeya huko. Mama mkwe anakaa ng'ambo ya ziwa, Kamanga, alikuja kumkanda ila shosti anamtoa taratibu, leo "mama we pumzika ntapika mimi", kesho anamnong'oneza mzazi kwamba mkwe kasema una maziwa mepesi, maneno yanakuwa maneno, bibi anabeba mfuko wake anapanda feri anarudi kwake. Huyu bibi mtunze vizuri, mwishoni utamhitaji.

Sababu ya shosti ndo inayowashinda wengi. Kila mtu anaandika alifiwa na mtoto akachanganyikiwa, mi sipendi, kuna wanawake wamepoteza watoto kweli na hawajamwibia mtu. Jaribu pesa na uongo. Shosti ana mwanaume Geita kwenye machimbo, alimdanganya ana mimba, jamaa akawa anatuma hela ya kliniki, hela ya vyombo vya mtoto, na yeye keshakopa kikoba kwa kutegemea hizo hela, sasa jamaa anataka kumwona mwanawe. Kumbe zile picha alizokuwa anampiga mtoto "za kumbukumbu" zote zilikuwa zinaenda Geita.

Kutoka hapo kadi ya kliniki inakufanyia nusu ya kazi. Wiki ya sita mtoto anaenda chanjo, mzazi kachoka, mvua inanyesha, shosti anasema lala mama ntampeleka. Badala ya Kirumba wanapoenda siku zote anapanda mpaka Igoma, anafungua kadi mpya, jina la mama anaandikisha lake yeye. Nesi anamvua mtoto, anaona begani alama ya BCG, ile chanjo ya kifua kikuu mtoto anayochomwa akizaliwa, na kwenye kadi hakuna kitu. "Mama nanii, huyu si alishachomwa?" Kata hapohapo, tangazo. Filamu za tivii zinaandikwa kwa vipande kwa ajili ya matangazo, ni kama saa na nusu ya picha kwenye nafasi ya masaa mawili, kipande cha kwanza kirefu ili watu wakae, vinavyofuata vinazidi kuwa vifupi na kila kimoja kinaachia kwenye swali.

Katikati mzazi aanze kushtuka ila asiaminiwe. Hapa andika kwa adabu. Kulialia siku za mwanzo baada ya kujifungua kunawapata wengi na kunaisha ndani ya wiki mbili hivi, kukizidi hapo ni ugonjwa na unatibika, usimgeuze kuwa chizi. Kinachotisha ni shosti kuutumia ule usingizi mbovu, anaitoa kadi kwenye droo anaifukia kwenye beseni la nguo, halafu anaitafuta nae kwa huruma, jioni anamwambia baba "shemeji, mi naogopa kumwacha peke yake na mtoto".

Sasa shosti anakimbia na mtoto kwenda Geita, apitie wapi? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3, gari inapita dakika chache, foleni ya kivuko iliyokuwa inatupa presha haipo tena. Mpeleke feri ya Kamanga. Mtoto mgongoni, kwa khanga ya mzazi mwenyewe, feri inaachia gati na mzazi ndo anashuka kwenye bodaboda. Afanye nini? Ana namba moja tu ya ng'ambo, na mwenye namba hawajaongea tangu ule ugomvi. Hii sini usiiharakishe, mtoto anaibwa lakini mkwe ni mkwe, "shikamoo mama", kimya, upepo, "marahaba… nani mwenzangu?" Feri inapogonga ng'ambo bibi kashasimama na wanawake wote wa kwenye dagaa.

Kushuti sasa. Skripti na kibali ni Bodi ya Filamu, anza mapema. Mtoto tafuta mapacha, Usukumani akina Kulwa na Doto hawakosi, huyu akilala unachukua yule, California kichanga chini ya miezi sita kinafanya kazi dakika 20 tu kwa siku na hata huku usizidishe, sini za mgongoni weka mdoli. Ziwani upepo unakula maiki vibaya mno, mazungumzo ya gatini rudieni ndani siku hiyohiyo wakati waigizaji bado wana pumzi ileile, na kilio cha mtoto kirekodi nyumbani kwao akilia kwa njaa zake, usije ukamliza kwa makusudi.