Nguo za Joto kwa Hija ya Vuli: Kutoka Bagamoyo hadi Santiago

Usiku wa mwisho wa likizo yangu Bagamoyo, mama alikuwa akiingiza sweta nene kwenye begi langu, nami nikizitoa kila akigeuka. "Mwanangu, huko unakokwenda watu wanakufa kwa baridi." Nikamwambia, "Mama, begi hili nitalibeba mgongoni kilomita 780." Akanyamaza, akahesabu kimoyomoyo, kisha akatoa sweta mbili kwa mkono wake. Ya tatu niliiacha kwa heshima yake. Nilipofika Pamplona, siku ya tatu ya safari, niliipeleka posta ikanitangulia nyumbani Ujerumani.

Nilikuwa nakwenda kuhiji kwa miguu Santiago de Compostela, mji wa hija ya Wakristo huko Hispania, kwa njia inayoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa. Wengi huimaliza kwa siku 30 hadi 35. Tangu nirudi, ndugu zetu walioko Ulaya wananiuliza habari zake, na karibu wote wanataka kwenda Oktoba, joto kali likishapita. Swali la kwanza ni baridi. Sisi wa pwani baridi yetu ni kipupwe cha Julai, usiku ukishuka nyuzi 20 tunatafuta shuka la pili. Kwa hiyo tunafungasha kwa hofu, na ni hofu hiyo inayotuumiza magoti, si baridi yenyewe.

Mji wetu unaijua mizigo. Wapagazi walioshuka Bagamoyo na misafara ya bara walibeba kama frasila mbili kila mmoja, kilo 30 na ushee, kwa miezi. Wewe hulazimiki. Mahujaji wana kipimo chao: begi lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili wako. Mwenye kilo 65 abebe kilo 6 na nusu. Kwa vuli, pamoja na nguo za joto, mimi nilibeba 7 na nusu bila maji, nikaziweza. Lipime begi kwenye mizani. Ukilinyanyua tu sebuleni litakudanganya, maana sebuleni hakuna mlima.

Sasa nguo zenyewe. Kosa langu kubwa lilikuwa pamba. Siku ya kwanza unapanda milima ya Pirenei mpaka mita 1,400 na kitu, na ukipanda unatoka jasho hata kama upepo unakata masikio. Nilivaa fulana mbili za pamba, moja juu ya nyingine, nikidhani mbili ni joto zaidi. Zikalowa jasho zote. Nilipokaa kula mkate, jasho likageuka barafu mgongoni na nikaanza kutetemeka meno yakigongana. Pamba ikilowa hunywa maji na kukunyang'anya joto la mwili, na katika ubaridi haikauki. Sufu ikilowa bado inakupa joto, na hainuki upesi, jambo kubwa kwa mtu anayefua nguo moja kila jioni kwenye karo.

Basi vaa kwa tabaka. Ya ndani ni fulana ya mikono mirefu ya sufu laini ya merino, au ya kitambaa cha michezo kinachokauka haraka. Chukua mbili, moja ya kutembelea na moja ya kulalia, na usiichafue ile ya kulalia hata siku moja. Juu yake jaketi la flisi, kile kitambaa chepesi chenye manyoya laini. Juu kabisa koti jepesi la mvua lenye kofia. Ukiwa mtu wa baridi sana ongeza jaketi jembamba la manyoya ya bata, linalokunjika likawa kama embe dodo. Hilo ni la jioni na la kupumzikia, usipandie nalo mlima. Suruali mbili za kitambaa chepesi zinatosha. Jinzi iache nyumbani: ni nzito, na ikilowa leo utaivaa mbichi kesho.

Vua kabla hujatoka jasho, vaa kabla hujahisi baridi. Mara ya kwanza utaona ni usumbufu, kusimama kila nusu saa na zipu. Ndiyo kazi yenyewe. Anza kutembea ukiwa na ubaridi kidogo, baada ya dakika kumi mwili utachemka.

Asubuhi zinahitaji maandalizi yake. Mwishoni mwa Oktoba, kabla saa za Ulaya hazijarudishwa nyuma kwa majira ya baridi, mjini León jua linatoka baada ya saa mbili na nusu asubuhi. Utatembea gizani, na pale Burgos na León, nyanda za juu zaidi ya mita 800, nyuzi 5 asubuhi ni kawaida na umande kuganda si ajabu. Tochi ya kichwani, glavu nyembamba, mzula wa sufu. Vitu hivi vitatu havifiki robo kilo, na nisingevibadilisha kwa sweta yoyote.

Ukiingia Galicia, jimbo la mwisho lilimo Santiago, baada ya kupanda O Cebreiro penye mita 1,300 hivi, shida inakuwa maji. Vuli ya kwetu ni mvua, na vuli ya huko nayo ni mvua, ila hii inanyesha kimyakimya siku nzima. Kila nguo ikae ndani ya mfuko wa plastiki hata kama begi lina kifuniko chake. Soksi za sufu jozi tatu. Kabla ya kuvaa soksi paka miguu mafuta ya mgando, hasa kisiginoni na katikati ya vidole. Malengelenge yalinipata siku moja tu, ile niliyosahau. Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo huko utakuwa unakwangua chupa kwa kijiko.

Kina dada, sukeni nywele wiki moja kabla, na msizioshe jioni. Nywele zilizosukwa hazikauki usiku mmoja katika chumba kisicho na joto, na vyumba vingi vya nyumba wanamolala mahujaji Oktoba havijawashiwa joto. Usitegemee blanketi, beba begi la kulalia linalohimili baridi ya nyuzi 5 hadi 10, karibu kilo moja. Na beba kanga, doti moja uikate. Kipande kimoja kilikuwa taulo, cha pili skafu, shuka la mto, na pazia la kitanda cha chini mtu anapobadilisha nguo chumbani mna watu ishirini. Hiyo ndiyo pamba pekee ninayoisamehe.

Kama uko likizo nyumbani, usikimbilie maduka ya Ulaya. Pita mitumba ya Karume, Dar es Salaam. Sufu nzuri inalala pale kwa sababu wanunuzi wengi wa pwani hawaihitaji. Soma lebo, kisha jisugulie shingoni. Ikikwaruza dukani, itakuchubua njiani. Buti tu ndizo nunua mapema na uzizoeshe mguu, na soli iliyolika usiipokee hata kwa bure. Ukipungukiwa na kitu njiani, Pamplona, Logroño, Burgos na León ni miji yenye maduka ya kutosha.

Mwenye pasipoti ya Tanzania anayeishi Uingereza anahitaji viza ya Schengen ya kuingia Ufaransa na Hispania, aanze mapema. Na kuanzia Novemba 1 mpaka mwisho wa Machi njia ya juu ya Pirenei inafungwa, unapita ya chini ya Valcarlos. Nyumba nyingi za mahujaji nazo hufungwa Novemba, hivyo panga kumaliza mapema.

Mwisho, kijiwe. Juu ya kijiji cha Foncebadón, mita 1,500, kuna msalaba wa chuma kwenye mlingoti mrefu, na mahujaji huacha chini yake jiwe walilotoka nalo kwao. Langu liliokotwa na mama uani, pembeni ya karai la kufulia. Lilikuwa na gramu 40. Nililipima pamoja na nguo.