Namna ya kuandaa maisha ya baada ya raga ukiwa bado unavaa jezi ya taifa

Kijana wa Lubumbashi anayeitwa kwenye timu ya taifa ya raga ya Kongo, Léopards, huwa anaishi maisha mawili: mchana yuko kazini au chuoni, jioni yuko mazoezini, na jezi hiyo haimpi mshahara wa kulisha nyumba. Duniani kote raga ya wachezaji kumi na watano ilikuwa mchezo wa ridhaa hadi Agosti 1995, uliporuhusiwa malipo kwa wachezaji. Kwetu walio wengi bado wanacheza kwa mapenzi tu. Kwa sababu hiyo, maandalizi ya kustaafu yaanze siku unapoitwa mara ya kwanza, wala yasingoje goti likatae.

Anza na kichwa, kwa maana goti hutibika lakini ubongo haubadilishwi. Steve Thompson, aliyetwaa Kombe la Dunia na Uingereza mwaka 2003, alitangaza mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 42, kwamba ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na kwamba hakumbuki kucheza fainali ile. Nunua daftari ngumu, uandike humo kila pigo la kichwa: tarehe, mechi, kama ulipoteza fahamu, kama ulitapika, kichwa kiliuma kwa siku ngapi. Daktari utakayemwona miaka ishirini baadaye hatakuwa na ushahidi mwingine. Ukigongwa ukaona kizunguzungu, ukachanganyikiwa au ukasahau matokeo, toka uwanjani na usirudi siku hiyo, hata kama mkufunzi anakusihi na wenzako wamebaki pungufu. Usilale peke yako usiku wa kwanza. Mwombe mke, mama au ndugu akuangalie, na mkimbilie hospitali kichwa kikizidi kuuma, ukitapika tena na tena au ukishindwa kuamshwa. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya ridhaa unamtaka mchezaji asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21, na awe amekaa siku 14 bila dalili yoyote kabla ya kuanza tena mazoezi ya kugongana. Mwezi wa nane na wa tisa, ardhi yetu inapokuwa kavu na ngumu kama tofali, ningeongeza tahadhari kuliko kuipunguza.

Jambo la pili ni kazi, na hapa wengi hujidanganya kwamba jina litawafungulia milango. Jamie Roberts alihitimu udaktari mwaka 2013 akiwa bado mchezaji wa Wales. Jirani yetu Humphrey Kayange, aliyekuwa nahodha wa Kenya ya wachezaji saba, alisoma kemia, na mwaka 2021 akawa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Hawa walisoma wakati wanacheza. Nawe maliza diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, kisha uchague ufundi ambao mji huu unauhitaji kila siku, kama uchomeleaji, umeme wa migodini, udereva wa mashine nzito au uhasibu. Mwajiri umweleze mapema ratiba ya safari za timu, kwa barua, ili kutokuwepo kwako kusihesabiwe utoro. Posho ya safari, hata ikiwa ndogo, igawe siku unayoipokea: sehemu iende kwenye likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, ya watu unaowaamini, sehemu kwenye ada ya masomo.

Ukipata klabu ya nje, usitie saini mkataba ambao hujasomewa wote na mtu asiyelipwa na wakala. Uliza nani atalipa upasuaji ukiumia, na nani atalipa tiketi ya kurudi.

Mwili nao unahitaji kushushwa taratibu. Aliyesukuma skramu, ule msukumano wa timu mbili zikigombea mpira, kwa miaka kumi amezoea sahani kubwa ya bukari (ugali), na akiacha mazoezi ghafla bila kupunguza chakula, uzito na shinikizo la damu hupanda pamoja. Endelea kutembea, kuogelea au kuendesha baiskeli angalau siku tatu kwa wiki, na upime shinikizo la damu hata kama unajisikia mzima.

Ukitaka kubaki karibu na mchezo, jifunze urefa au ukufunzi kabla hujastaafu; shirika la raga duniani lina mafunzo ya bure kwenye intaneti, kwa Kifaransa pia, kuhusu sheria na majeraha ya kichwa. Kisha omba kikundi cha watoto, si timu ya wakubwa. Wafundishe kwanza kuanguka, halafu kukaba kwa bega, kichwa kikiwa nyuma ya mwili wa mwenye mpira na si mbele yake, na kila mtoto umpe daftari yake.